Salamu za Restuta Kutoka Nice

Tusidanganyane, Restuta hakuwa mtu mbaya. Lazima lisemwe mapema, maana siku hizi ukilitaja jina lake pale mtaani kwake Thamesmead, London, wanawake wanabetua midomo.

Miaka kumi na mmoja amekuwa akiwaogesha wazee wa watu, akiwalisha na kuwabadilisha nepi, na matembezi yake yote yaliishia Ilford, kununua ndizi za kupika. Kati ya wazee hao alikuwepo bibi mmoja, Natasha, aliyekula fungate Nice, kule kusini mwa Ufaransa. Kila asubuhi bibi alimwonyesha picha ileile: bahari ya buluu, na yeye binti mbichi amevaa kofia pana. Novemba bibi akafa. Januari Restuta akaona tiketi ya bei ya kutupa, akainunua kabla nafsi haijaanza kumsuta. Siku nne mwezi wa Juni, kuanzia Ijumaa. Tiketi za namna hiyo hazibadilishwi tarehe wala hazirudishwi. Usiposafiri, imekula kwako.

Jumatano ya wiki hiyohiyo ya safari, mama wa rafiki yake Jacqueline akafariki kule nyumbani Kamachumu.

Sasa huyu Jacqueline si mtu wa kukutana naye kanisani tu. Baba yake Restuta alipofariki, Jacqueline aliomba ruhusa kazini, akalala sakafuni kwa mwenzake siku tano, akipika uji, akipokea simu, akiwafungulia watu mlango. Zamu ilikuwa imegeuka, tena imegeuka vibaya, kwa sababu pasipoti ya Jacqueline ilikuwa uhamiaji ikingoja viza mpya. Mama angezikwa Jumamosi naye akimzika kwa Zoom, sebuleni kwake, ghorofa ya tatu. Alimwomba Restuta jambo moja tu: saa hiyo akae pembeni yake.

Restuta akafungua mdomo aseme ukweli, ukatoka uongo. Amepangiwa shifti, alisema, tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, na meneja amekataa kumbadilishia. Jacqueline akaitikia tu kwamba kazi za watu ndivyo zilivyo. Hata hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma Restuta kuliko matusi.

Ili kujipoza moyo, akafanya kama ifanyikavyo kwao: mtu asipoweza kufika msibani, humtuma ndugu amwakilishe. Akampigia mdogo wake Irene aliyeko Bukoba, akamwambia apande Kamachumu na rambirambi, na asikose mazishi. Habari ya shifti hakumgusia. Utamwelezaje mdogo wako jambo kama hilo?

Ijumaa alfajiri akaondoka, amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine, maana begi aliloruhusiwa lilikuwa dogo kama la mtoto wa chekechea. Hosteli ilikuwa chumba cha vitanda sita, choo nje. Chakula chake kilikuwa chapati kumi na mayai ya kuchemsha, vyote kutoka London. Lakini jamani, ule mji! Bahari ilikuwa buluu kweli, bibi wa watu hakudanganya. Ila ufukwe wote ni mawe ya kuumiza makalio, na viti vya kulalia ni vya wenye nazo. Alikikalia kimoja dakika mbili, kijana mwenye fulana nyeupe akamwinua kwa adabu iliyomwaibisha zaidi. Akasimama nje ya mlango wa hoteli moja kubwa, akapigwa picha na mpita njia kana kwamba ndiko alikofikia. Picha akaiweka kwenye status, baada ya kuwaficha watu wote wa London, mmoja mmoja. Wa nyumbani aliwaacha waone. Hata yeye alitaka aonekane mtu, walau mara moja.

Jumamosi, Kamachumu ikiwa saa nane mchana, alikaa juu ya mawe yale, akafungua Zoom, akazima kamera yake. Aliiona migomba, aliliona jeneza. Pembeni, kwenye kidirisha kidogo, alimwona Jacqueline na khanga kichwani, wanawake wamejaa sebule nzima, jirani yake Peris akimpangusa machozi. Restuta naye akalia, na hakuwa anaigiza.

Kisha mwongoza mazishi akaita wawakilishi wa marafiki watoe salamu. Irene akasogea kwenye kipaza sauti, amejitanda vizuri, na fahari imemjaa usoni.

"Namwakilisha dada yangu Restuta, rafiki kipenzi wa mfiwa. Angependa sana kuwa na Jacqueline leo, ila kwa sasa yuko Ufaransa, amekwenda kupumzika. Anasema poleni sana."

Waombolezaji wa Kamachumu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mtoto wao anapumzika Ufaransa! Lakini Restuta alikuwa anakitazama kile kidirisha. Jacqueline alikuwa akilia tangu misa ilipoanza. Hapo akanyamaza.

Siku mbili zilizobaki Restuta hakumbuki alizitumiaje. Jumanne akaenda ghorofa ya tatu na hotipoti ya ndizi na maharage. Jacqueline akamkaribisha, akampisha akae, akamtilia chai kama mgeni anayekuja mara ya kwanza. Sebule ilikuwa imeshafagiliwa, viti vya kuazima vimerudishwa kwa wenyewe.

"Ungeniambia una tiketi, ningekuambia nenda, Resti," alisema. "Mama yangu asingekasirika. Na mimi ningekuwa najua pale pembeni yangu panakosa mtu kwa sababu gani."

Restuta akaomba msamaha, machozi yanamdondoka. Jacqueline akasema amekwisha msamehe, akalisema upesi, kama mtu anayefunga duka.

Simu ya Jacqueline ikalia. Alikuwa mama yake mkubwa kutoka Kamachumu, mzee asiyesikia vizuri na mwenye kupayuka simuni, kwa hiyo kila neno lilisikika sebuleni. Mzee akauliza kama mtoto amekula, kama analala. Halafu akauliza ni nani anayekaa naye siku hizi ngumu.

Jacqueline akainua macho, akamtazama Restuta usoni, kikombe kikiwa bado mkononi mwake.

"Hakuna mtu, mama mkubwa," alisema. "Niko peke yangu."