Lehemu ya Fundi Mwisho

Fundi Mwisho alijipa jina hilo mwenyewe, maana watu walikawia kumpa. Redio ikishindikana kwingine kote, alisema, mwisho wake italetwa kwake. Kibanda kilijaa televisheni zilizopasuliwa matumbo, na kila mteja aliondoka na redio yake pamoja na kisa cha ushujaa wa fundi ambacho hakukiomba.

Kwa hiyo siku mpwa wake wa kike alipoingia na wenzake wawili, wamebeba roboti ndani ya sanduku la viatu, alijiona amefika. Kesho yake yalikuwa mashindano ya roboti ya shule, na kwa umri wao huo ulikuwa mwaka wa mwisho kuruhusiwa. Wakishindwa, basi tena. Roboti yenyewe ilikuwa kigari kilichotakiwa kifuate mstari mweusi sakafuni bila kushikwa na mtu. Ila kila kikipanda tuta, waya mmoja wa gurudumu ulichomoka.

"Utaacha vipi kuchomoka?" fundi alisema. "Mmezichomeka tu nyaya zenu kama pini za nywele. Huu ni mtambo au kichwa cha bibi harusi?"

Wakacheka. "Mjomba, kaza huo mmoja tu," mpwa wake alisema. "Nyingine ziache, huwa tunazihamisha."

"Mmoja. Nimekusikia, mama."

Alisikia, ndiyo. Lakini watoto walipotoka kununua betri, mkono ukamwasha. Akayeyusha lehemu kwa kifaa chake cha moto, akaugandisha waya ule. Ulipong'aa hivyo, nyaya wenzake wakaonekana yatima. Laiti angeinuka pale akanywe maji. Akapiga wa pili. Waliporudi, hapakuwa na waya usio na tone la lehemu, na juu yake gundi.

Mpwa wake aliipindua roboti. "Nilisema mmoja, Mjomba."

"Hata ikigongwa na lori haiachii. Utanishukuru ukishika kikombe."

Kigari kilivuka tuta bila kutetereka, wale wenzake wawili binti wakapiga makofi. Yeye akameza maneno yake. Mjomba ni mjomba.

Ukumbini fundi alikaa safu ya mbele, akimwonyesha kila jirani kazi ya mikono yake. Mzunguko wa kwanza waliongoza. Ndipo mwamuzi akatangaza jaribio la papo hapo: kila timu ihamishe jicho la kusomea mstari, litoke mbele liende ubavuni, kabla kengele haijalia. Kifaa cha moto marufuku.

Meza nyingine wakachomoa, wakachomeka. Mpwa wake alivuta waya wa jicho, akakwangua gundi kwa kucha, akavuta tena. Lehemu ilishika sawasawa na ilivyosifiwa. Mwisho waya ukang'oka na kipande cha ubao wa saketi, na kengele ikalia wakiwa wamekishika mkononi. Majirani wa fundi walimtazama.

Nje aliwafuata, mikono imetangulia. "Lete, mama. Nazifumua zote leo leo. Kazi ndogo kwangu."

"Usisumbuke, Mjomba. Tunawaachia wa darasa la chini. Watafumua wenyewe."

Hakununa wala hakulia. Alisema kwa adabu, adabu ile ya kuwapa wageni, nayo ilimchoma fundi kuliko tusi. Angetukanwa angejibu, kinywa chake kilizoea hayo. Alitaka kusema alitaka washinde, na ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

"Nikubebee basi."

"Si zito," alisema binti, akalihamishia sanduku kwapa la pili, upande ambao mjomba hakuwepo.