Mwalimu Aleyama na Siku Mbili za Tope

Watu wa Mrambani walikuwa na maelezo yao kuhusu kwa nini Mwalimu Aleyama hakuondoka, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Wengine walisema alimkimbia mume huko kwao India. Salehe, anayepandisha nguo za mitumba kutoka Same kila siku ya gulio, aliapa kwamba mama yule anatafuta madini, maana mtu mwenye akili zake hawezi kukaa kwenye ukungu miaka kumi na mmoja kwa ajili ya kufundisha hesabu. Walio wengi waliamini kanisa linamlipa kwa dola. Laiti wangeiona hati yake ya mshahara, wangemchangia.

Ukweli ni kwamba hata yeye mwenyewe hakujua. Alikuja akiwa na miaka arobaini na mmoja, mkataba wa miaka miwili mkononi, kufundisha hesabu na fizikia katika sekondari ya kanisa. Kwao ni Kerala, kusini mwa India, kwenye vilima vya tangawizi, migomba na mvua isiyojua kukoma. Siku aliyopanda milima ya Upare kwa mara ya kwanza alichungulia dirishani akaona tangawizi, migomba na mvua, akajihisi ametapeliwa: kusafiri kote kule ili kufika nyumbani!

Mkataba wa kwanza ulipoisha, wanafunzi wake wa kidato cha tatu walikuwa wanaingia cha nne, na hakuwa na moyo wa kuwaacha njiani. Akasaini tena. Wa pili ulipoisha palikuwa na kidato cha tatu kingine, na kidato cha tatu hakikosekani mwaka wowote. Nadhani walimu wengi wa kigeni wanaozeekea ugenini hukaa hivyohivyo. Hawaamui kubaki; wanaahirisha kuondoka, na siku moja wanajikuta wana mvi na paka.

Mwalimu Aleyama alikuwa na mvi na paka, na bustani nyuma ya nyumba ya shule. Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Hakuwa mtu wa Mrambani. Alikuwa mgeni wa Mrambani. Kwenye harusi alikalishwa meza ya mbele, kati ya mchungaji na diwani, akawekewa firigisi ambayo hakuipenda hata kidogo. Msibani, wanawake wenzake walipokuwa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi na kuteta, yeye aliletewa kiti. Akishika kisu, ananyang'anywa kwa upole: "Wewe pumzika, mwalimu." Alipumzishwa miaka kumi na mmoja. Mwaka wa kwanza alifurahi, mwaka wa tano alichoka, na mwaka wa kumi na moja ilimuuma, waziwazi, kama inavyomuuma mtu anayesikia kicheko chumba cha pili na mlango umefungwa.

Kwa hiyo kaka yake Saji alipopiga simu mwezi wa nane, alimkuta ameiva. Saji alikuwa amempatia kazi ya makamu mkuu katika shule ya karibu na nyumbani, na ghorofani kwake chumba kilishapakwa rangi. Walitaka vyeti haraka na jibu kabla ya mwisho wa Septemba. Mkataba wake wa Mrambani nao ulikuwa mezani, haujasainiwa, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa hiyohiyo. Mara hii hapakuwa na nafasi ya kuahirisha.

Jumamosi moja ya Septemba alishuka Same, akaingia kwenye steshenari mkabala na stendi, akaskani vyeti vyake vyote, akavituma. Alikunywa soda, akanunua vitunguu, akapanda gari la kurudi milimani. Hakuona uchungu aliokuwa ameutarajia, akashukuru.

Alipofika nyumbani, saa kumi jioni, Mama Agape alikuwa amemsubiri kwenye ua. Huyu ni jirani yake, mjane mwenye sauti ya kupasua mawe.

"Pole, mwalimu. Kamati walikuja. Wakaita weee, kimya. Wameikamata ile sufuria yako ya filimbi."

"Wameikamata? Kwani nimefanya nini?"

"Si hukuja kutoa tope!"

Hapa inabidi nieleze, hasa kwa wasomaji wa tambarare. Maji ya mashamba ya Mrambani hutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu ubavuni mwa mlima. Usiku linajaa kutoka kijitoni, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Kila mwaka kabla ya vuli hujaa tope, na watu wote huitwa kulitoa kwa pamoja. Kazi hiyo ya pamoja Wapare wanaiita msaragambo. Zamani walipiga baragumu. Siku hizi hutangazwa kanisani na kwenye kundi la WhatsApp. Usipofika, na huna ugonjwa wala msiba, kamati inakuja kwako na kuchukua chombo: jembe, beseni, chochote. Chombo kinakaa kwa mwenyekiti mpaka umalize sehemu yako, ambayo huachwa imepimwa kwa kamba inakungojea.

Mwalimu Aleyama aliijua desturi hiyo miaka yote. Alijua pia kwamba haimhusu. Bustani yake ilimwagiliwa kwa zamu ya shule, na siku za msaragambo yeye alipeleka chai ya tangawizi na kushukuriwa kwa hotuba; mwaka huu mawazo ya vyeti yalimsahaulisha hata chai.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Sufuria ile ilikuwa presha kuka, na aliyeifungasha kwenye sanduku lake siku ya safari alikuwa mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Wameikuta imeinamishwa kwenye kichanja cha vyombo wakaondoka nayo, bila hata kikaratasi. Alikula mkate mkavu na chai, huku amenuna. Lakini alipokuwa anasuuza kikombe wazo likamjia, akasimama na maji yakitiririka. Mgeni hakamatwi chombo. Tangu aje hajasikia mgeni yeyote, awe daktari, mkaguzi au mchungaji, aliyekamatwa chombo.

Kabla hajalifikiri vizuri, hodi ikapigwa. Alikuwa Mwalimu Clemence, mkuu wa shule, mtu mwema anayeogopa ugomvi kama ukoma. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Aibu tupu, mwalimu. Aibu! Ni yule Koleta, katibu mpya wa kamati. Amekuandika kwenye daftari kama mwanakijiji. Naenda kwa mzee Sifael sasa hivi, sufuria inarudi leo leo, na watakuja kukuomba radhi."

"Usiende, Mwalimu Clemence."

"Niache mimi, haya ni mambo madogo."

"Nakuomba usiende. Waache waamue kwenye mkutano."

Clemence alimwangalia kama mtu aliyekataa dawa. Hakuelewa, na Mwalimu Aleyama hakuwa tayari kumweleza. Alikuwa ameshapiga moyo konde: wakimrudishia sufuria kwa sababu ni mgeni, ataondoka, na hatageuka nyuma. Wasipoirudisha, hapo hakujua. Lakini aliogopa, na alijua anachokiogopa ni kurudishiwa.

Mkutano ulikaa Jumapili baada ya ibada, kwenye kingo za ndiva. Palikuwa na mambo mengi ya kamati, lakini kila mtu alikuwa amekuja kwa ajili ya sufuria. Mwenyekiti, mzee Sifael, aliketi kwenye jiwe na kofia yake magotini. Ana miaka sabini na kitu na maneno machache.

Mzee Loth aliinuka kwanza, na kama kawaida yake aliinuka na hasira. "Tangu lini mgeni anakamatwa chombo? Tutasemwa mpaka Kihurio! Mama wa watu ameacha kwao, anatufundishia watoto, leo tunamnyang'anya sufuria ya maharage? Irudishwe, na kamati iombe radhi." Watu wengi wakaitikia. Mwalimu Aleyama aliinamisha kichwa. Kila aliyeitikia alimtakia mema, na kila itikio lilimsogeza hatua moja kuelekea uwanja wa ndege.

Koleta akasimama. Ana miaka ishirini na sita, analima tangawizi, na miaka iliyopita alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Aleyama, si wa kwanza wala wa mwisho darasani.

"Shikamoo mzee Loth. Shikamooni wazee wote. Mimi nimeandika kila nyumba yenye bustani inayokunywa maji ya hapa. Nyumba ya mwalimu ina bustani. Sheria yetu inasema kila nyumba, haikuweka isipokuwa. Na aliyenikataza kuongeza kwenye kanuni kitu kisichoandikwa ni mwalimu mwenyewe, kidato cha pili, na wala hakuwa anatania."

Watu wakacheka. Sifael hakucheka. Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Katika miaka yote hiyo alikuwa amezungumza mikutanoni kwa ajili ya kutoa shukrani tu. Alisimama, akaona ni heri kusema yote kuliko nusu.

"Wazee, jana sikuwa mgonjwa. Nilishuka Same kutuma vyeti vyangu. Kaka yangu amenitafutia kazi nyumbani. Nafikiria kuondoka."

Mama Agape alishika tama. Mzee Loth ndiye aliyepata sauti kwanza, na safari hii ilikuwa ya huzuni. "Basi ndiyo kabisa. Mtu anayeondoka unamdai tope la nini? Mpeni chombo chake aende kwa amani."

Sifael aliizungusha kofia yake vidoleni. "Umeshaondoka, mwalimu?"

"Bado, mzee."

"Juzi asubuhi maji ya ndiva yalifika bustanini kwako?"

"Yalifika."

"Basi jana ulikuwa mtu wa hapa, na hukufika kazini." Akavaa kofia. "Siku mbili. Moja ya mwaka huu, moja ya miaka yote ya nyuma. Zilizobaki tunasamehe, kosa lilikuwa letu, hatukukuandika. Na maji ya shule ni ya shule. Mtu anayetoa tope ana zamu yake kwa jina lake. Katibu, Alhamisi asubuhi ipo wazi?"

"Ipo, mzee."

"Andika."

Mzee Loth aliguna kwamba huo ni ukatili. Mwalimu Clemence alijifunika uso. Na Mwalimu Aleyama, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyeadhibiwa mbele ya kijiji kizima, alikaa chini huku machozi yakimtoka, asijue ayafutie nini. Alikuwa na furaha. Watu wakadhani ni aibu, wakatazama pembeni kwa adabu.

Shule zilikuwa kwenye mapumziko mafupi. Jumatatu saa moja aliingia kwenye ndiva miguu peku. Kamati ilimtuma Mama Agape awe shahidi, na shahidi huyo alikaa ukingoni kutwa nzima akimfokea. "Inua kwa magoti, si kwa mgongo! Hilo ni koleo au kijiko cha uji? Ukimwaga karibu hivyo mvua italirudisha lote!" Hakuna mwanafunzi aliyewahi kufokewa hivyo na Mwalimu Aleyama. Saa sita walikula kishumba, ndizi zilizopondwa na maharage, kutoka bakuli moja, naye akaambiwa aoshe bakuli.

Siku ya pili malengelenge yalipasuka. Alipomaliza, jioni, akiwa hawezi kunyoosha mgongo, Koleta alikuja na kamba, akapima kwa utaratibu.

"Kona ya kushoto bado, mwalimu."

"Koleta, mwanangu. Kona ile ni mwamba."

"Shikamoo, mwalimu. Bado."

Akarudi ndani, akakwangua kona. Mwamba ulikuwa chini zaidi kwa kiganja kimoja. Binti alikuwa sahihi. Koleta alitia alama daftarini, wakaenda pamoja kwa mzee Sifael kuchukua sufuria. Mke wa mzee alikuwa ameiweka nje, chini ya mchungwa, kwa kuwa hakuiamini. Hakuna aliyetoa hotuba wala aliyemshukuru, naye akaenda zake akiwa amechoka kama walivyochoka wengine Jumamosi.

Saji alipiga Jumatano jioni. Wakuu wa shule wameviona vyeti, wamevipenda, wanangoja neno moja tu.

"Siji, Saji."

Kaka akaanza kupekua sababu, kama wanavyofanya kaka. Wamekuongezea mshahara? Hapana. Kuna mtu? Hapana, Saji, jamani. Unaumwa? Alijaribu kumweleza, lakini kwa lugha yao ya nyumbani kila sentensi ilitoka na uchizi wake: nilikamatwa sufuria, nikachimba tope siku mbili, binti niliyemfundisha alinikosoa. Saji alisikiliza mpaka mwisho, maskini.

"Basi njoo wiki moja tu," alisema. "Panda ndege kesho kutwa, ukione chumba, uzungumze nao ana kwa ana. Kesho shuka mjini ukate tiketi."

"Kesho siwezi. Kesho ni Alhamisi, nina maji."

"Maji gani? Si atakuwepo mtu wa kukufungulia?"

"Hayupo," alisema Mwalimu Aleyama, na sauti yake ilikuwa na raha ambayo kaka yake hakuwa ameisikia kwa miaka mingi. "Nisipofika saa kumi na mbili, jirani yangu atayageuzia kwake, na kamati itasema ana haki."