Habari za Macho Yako

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa na akanitangulia kusoma. Baba yetu alikuwa na madrasa hapa Misima. Alimkalisha yeye mbele kabisa, mimi nyuma yake, nikajifunza herufi kwa kufuata sauti ya dada. Alipofiwa na mumewe alirudi kuishi nyumbani kwangu, akachukua darasa la wasichana. Kila alfajiri baada ya sala aliweka msahafu juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja alichorithi kwa baba, akasoma mpaka jua lipande juu ya mahindi.

Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha zamani. La kushoto lilianza kupungua kutokea pembeni, kama mlango unaorudishwa taratibu. Yeye hakusema kitu. Nilijua kwa kuyaangalia marufaa. Kwanza yalikuwa chumbani, kisha yakasogea kizingitini, kisha nikayakuta nje kabisa uani, naye ameinama juu yake mpaka ushungi unagusa karatasi.

Nilimpeleka zahanati. Mganga alimmulika kwa tochi yake, kisha akatuambia bila kuzunguka: ni presha ya jicho. Kilichokwisha kupotea hakitarudi, dawa italinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Alisema madaktari wa macho watafika Korogwe, lakini safari hii hawapokei mtu aliyejiendea tu. Kuna huduma mpya ya serikali kwa njia ya simu. Unabonyeza namba za nyota, unajibu maswali, na ukionekana una haja unaletewa ujumbe wa siku na mahali.

"Msichelewe, mwalimu," aliniambia. "Bibi huyu hana jicho la akiba."

Nilijaribu mwenyewe kwa simu yangu ndogo ya vitufe. Nilisoma kwa mwendo niliofundishwa kusoma, neno baada ya neno, bila kuruka. Kabla sijafika mwisho wa maandishi, yalitoweka. Nikarudia, yakatoweka tena. Basi nikamshika dada mkono tukaenda barabarani, kwenye kibanda cha mama mmoja ambaye ni wakala wa fedha za simu.

Mama huyo ni Mkristo, mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Sisi Wazigua babu zetu waliukwepa mkonge kila walipoweza, na kwa sababu hiyo yeye hutufanya watani wake.

"Shikamoo bibi, shikamoo mwalimu," alisema. "Leo walimu wawili mmekuja kusomewa na mtoto wa kambi ya mkonge. Babu yangu angekuwepo angecheza ngoma."

"Marahaba. Soma, usitucheke," dada akamjibu. "Ukikosea nakuchapa kama wanafunzi wangu."

Akasoma. Jina, tukamtajia. Umri, tukakadiria. Kijiji, tukasema. Kisha akasoma: "Habari za macho yako? Moja, nzuri. Mbili, si nzuri sana. Tatu, mbaya."

"Nzuri, tunamshukuru Mungu," dada alisema.

Mama wa kibanda akabonyeza moja.

Tulikuwa watatu pale, na hakuna aliyeona kwamba jambo limetokea. Ningeulizwa mimi ningejibu vilevile. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Waislamu kwa Wakristo. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Hata nyumba yenye maiti ndani, mgeni akiuliza habari za hapa anajibiwa nzuri, ila tumefiwa. Shukrani hutangulia, na shida hufuata baada ya "ila". Mtu aliyekuuliza anajua hivyo, kwa hiyo anasubiri.

Simu haikusubiri "ila".

Ujumbe ulikuja papo hapo: "Asante kwa kutumia huduma hii. Taarifa zako zimechakatwa. Endelea kutunza macho yako."

"Zimechakatwa ndiyo zimefanywaje?" nikauliza.

"Kwetu kinachochakatwa ni mkonge," alisema mama wa kibanda. "Lakini si wamesema asante? Basi wamepokea. Subirini siku."

Tukasubiri. Mimi ni mtu niliyefundisha subira kwa watoto wa watu, nikaitumia. Kila simu ilipolia dada alitega sikio, kisha akaendelea na alichokuwa akifanya.

Tuna jirani ambaye hajawahi kuridhika tangu nimjue. Mvua ikinyesha analalamikia tope, ikikatika analalamikia vumbi. Wakati wa mwangaza wa asubuhi macho yake hutoka machozi, basi. Asubuhi moja alipita mbele ya nyumba yangu amevaa miwani mipya.

"Umeitoa wapi hiyo?" nikamuuliza.

"Korogwe, mwalimu. Kwa wale madaktari wa macho. Niliiambia ile simu kwamba hali ni mbaya sana, ikanipangia siku. Serikali yetu inasikia kilio."

"Madaktari wameshafika?"

"Leo ndiyo wanamaliza. Kwani ninyi hamkuitwa?"

Nilimwita dada avae, tukatoka. Tulibadilisha gari Handeni mjini, tukafika Korogwe jua limeanza kuinama. Watu walikuwa kwenye mabenchi chini ya turubai. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa na pazia tu, na nilimsikia kwa ndani akimwambia mtu atazame juu, atazame chini. Kutoka nilipokaa mpaka kwenye lile pazia si mbali kuliko kutoka mkeka wangu mpaka kibla cha msikiti wetu.

Karani kijana aliyeshika kishikwambi alitafuta jina la dada, akalipata.

"Bibi, hapa umesema macho yako ni mazuri."

"Sikusema hivyo, mwanangu. Niliitikia salamu."

Akatazama tena kwenye kioo chake. "Mfumo unaonyesha huna haja ya kuonwa. Hukupangiwa."

"Mtazame sasa," nilisema. "Yupo mbele yako. Mwoneshe vidole uone kama atavihesabu."

"Mzee wangu, mimi siruhusiwi kupima. Na nikimwingiza mtu ambaye hayupo kwenye mfumo ninaulizwa. Kuna awamu nyingine itakuja, mjaribu tena."

Aliongea kwa adabu. Nilitamani angenitukana, ningepata mahali pa kuiweka hasira yangu. Pazia likafunguliwa, mgonjwa akatoka, likaitwa jina la mwingine. Dada alinigusa mkono.

"Mwambie tunashukuru, mdogo wangu. Twende."

Sikumwambia.

Mganga wa zahanati alitupatia dawa ya matone aliyoweza kuipata, ilipopatikana. Masika ikaja ikaondoka. Siku moja niliyakuta marufaa yamerudi ndani, pale pale chumbani yalipokuwa zamani. Hapakuwa tena na haja ya kuyafuatisha mwanga. Dada alikuwa amekaa mbele yake, msahafu umefunguliwa, anasoma alichohifadhi. Alipofika mahali ambapo hakuhifadhi akanyamaza, mkono juu ya ukurasa. Nikaingia, nikakaa mahali pake, nikamsomea.

Baada ya hapo ndipo wakaja vijana wawili kutoka serikalini, msichana na mwenzake wa kiume. Mtendaji wa kata alituita wazee tulioitumia ile huduma, tukakusanyika ofisini kwake, tukapewa soda. Msichana alitusalimu mmoja mmoja, akaeleza kazi yake. Yeye hatengenezi simu wala mitambo. Yeye huandika maneno ambayo wananchi wanayasoma kwenye huduma za serikali, na amekuja kuona kama maneno hayo yanaeleweka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yale maneno yameandikwa na mtu mwenye uso.

Alimpa simu mzee mmoja ambaye huongozwa na mkewe kila aendako. Yule kijana mwenzake akamsomea: habari za macho yako?

"Nzuri," alisema mzee. "Alhamdulillahi."

Msichana akatabasamu. Akaenda kwa wa pili, akapata jibu lile lile. Kwa wa tatu tabasamu likawa limekwisha. Mkewe yule mzee wa kwanza alikuwa akimwelekeza mumewe chupa ya soda ilipo, maana alikuwa anaipapasa mezani.

"Baba," msichana akamwambia yule mzee, "wewe unaona?"

"Hapana, mwanangu. Mwaka wa ngapi sasa, sioni kabisa."

"Mbona umesema nzuri?"

"Si umeniuliza habari?"

Wazee wakacheka. Mimi sikuweza. Nilisema, "Mwanangu, mlitusalimia, tukawaitikia. Kisha mkauchukua mwitikio wetu mkaufanya ushahidi kwamba hatuumwi."

Alikaa chini. Akatueleza, na naamini alisema kweli, kwamba swali la mwanzo lilikuwa "Bainisha kiwango cha uoni hafifu ulichonacho", na watu walikata simu. Ndipo wakaambiwa waandike kama watu wanavyozungumza. Wakaona waanze kwa upole.

"Na tulilijaribu kabla ya kulitoa," mwenzake aliongeza. "Watu walijibu vizuri tu."

"Mlijaribu kwa nani?" nikauliza.

"Kwa wenzetu ofisini."

"Wanaumwa macho?"

Msichana akatuuliza sisi tungeulizaje. Hapo ofisi ikachangamka.

"Uliza kama mtu anamtambua kuku wake," alisema mmoja.

"Wewe hata ulipokuwa unaona ulikuwa unachinja wa jirani," akajibiwa.

Walibishana, naye aliandika, akafuta, akawasomea wale wazee tena na tena, mpaka likabaki hili: ukikaa mlangoni kwako mchana, unaweza kumtambua mtu anayepita njiani? Ndiyo, au hapana. Na "zimechakatwa" wakaitoa. Badala yake mtu ataambiwa wazi, umepangiwa siku fulani, au hujapangiwa, na kama unaona si haki nenda zahanati. Maandishi yatasubiri mpaka msomaji amalize. Lilikuwa swali zuri. Nililisikiliza nikaona uchungu unapanda, kwa sababu halikuhitaji fedha wala mtambo. Lilihitaji mtu aje kukaa na sisi kabla, si baada.

Swali jipya lilipowekwa kwenye huduma, alirudi akaomba kumwona dada yangu. Nikampeleka nyumbani. Alipiga magoti kumwamkia, kisha akamsomea swali jipya kwa sauti yake mwenyewe.

"Nilikuwa nawatambua," dada alisema. "Sasa ninajua tu kama ni mwanaume au mwanamke, kwa mshindo wa miguu. Wewe umevaa viatu vya kisigino, na umechoka."

Msichana akabonyeza hapana kwenye simu yangu. Ujumbe ulikuja tukiwa bado tumekaa pale, na nikausoma wote kwa mwendo wangu. Siku, mahali, Korogwe. Dada akamwombea dua ndefu, amjalie Mungu mume mwema na kazi yenye baraka. Msichana alilia. Mimi nilitazama marufaa.

Tulikwenda Korogwe siku iliyopangwa. Tulipita lile pazia bila kuulizwa. Daktari alikuwa mtu wa makamo. Alimkalisha dada, akasema, "Habari za macho, bibi?" Dada akasema nzuri. Daktari akasubiri, kama mtu anavyopaswa kusubiri, na dada akasema, "Ila sioni." Alimwangalia kwa muda mrefu kwa vyombo vyake. Kisha alinigeukia mimi, nikajua kabla hajasema. Mshipa wa jicho ulikuwa umekufa. Angeletwa mapema, alisema, angeweza kukilinda kile kidogo. Alitupa matone ya kupunguza maumivu.

Kwenye gari la kurudi dada alikaa dirishani kwa mazoea.

Tulishuka barabarani, mbele ya kibanda cha yule mama. Simu yangu ikalia, nikampa asome. Alisoma: "Tunaomba maoni yako. Umeridhika na huduma ya macho? Ndiyo, au hapana." Akatutazama. Safari hii hakuwa na utani wowote.

"Mwambie tumeridhika," dada alisema. "Tunashukuru."

"Nibonyeze, mwalimu?"

Ninamshukuru Mungu kwa dada yangu, na kwa yote aliyohifadhi moyoni kabla jicho halijakwisha, na kwamba mimi bado naona vya kutosha kumsomea yaliyobaki. Shukrani hiyo naipeleka inakostahili kwenda, mara tano kwa siku. Haiendi kwenye simu.

"Usibonyeze kitu," nilimwambia.

Dada aliweka mkono begani kwangu, tukaanza kurudi nyumbani.