Makubadhi ya Theluji ya Kaka Salim

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, msije mkausikia kwa kaka Salim, maana yeye huutia chumvi. Mimi ndiye niliyemfungia ubao wa kutelezea theluji mguu wa kulia mbele, na sababu yangu ilikuwa adabu.

Sisi tuliokulia Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou, miaka ile, baba zetu wakinunua nguo kwenye maduka ya Guangyuan Xilu, tulichezea mabaki ya biashara. Boksi lilikuwa nyumba, selotepu ikiviringishwa ilikuwa mpira, na korido za jengo la Tianxiu zilikuwa uwanja mpaka mlinzi atufukuze. Jioni tulinuka vumbi la marobota na mishikaki ya bizari ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Watoto wa leo mtandao ukikatika kidogo tu wanajiona wagonjwa.

Ubao wenyewe Baba alipewa na laoban mmoja, tajiri wa Kichina mwenye duka la makoti ya baridi. Alikuwa kautundika kama pambo. Alipohama akaona kuubeba ni kazi. Vishikio vya miguu vilikuja vimefunguliwa, ndani ya mfuko wa rambo pamoja na skrubu zake. Kila kimoja kilikuwa na mikanda na mgongo mrefu wa kuegemezea kisigino. Tukaviita makubadhi. Guangzhou theluji hakuna, lakini Shenzhen kulikuwa na ukumbi wa theluji ya mashine, na Baba aliahidi kutupeleka Jumapili. Kwa Salim ilikuwa Jumapili ya mwisho, kwani wiki ile alikuwa anarudishwa Tanga kwa bibi kuanza sekondari. Zawadi nyingine hakutaka. Alitaka ashuke kilima cha ukumbi ule amesimama, apate la kuwaambia wa Tanga.

Ufundi nikaushika mimi, kwa kuwa sipendi kutoka, na bisibisi ni kazi ya kukaa. Kubadhi lina kisahani katikati. Unakilaza juu ya matundu ya ubao, unazungusha mpaka vidole vielekee unakotaka, kisha unakaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana. Miguu niliitenga kwa upana wa mabega yake. Likabaki moja: mguu upi utangulie? Kwetu hilo halikuwa swali. Mama alitusimamia mlangoni kila siku, "Kulia kwenye heri, kushoto chooni." Nikafunga kulia mbele, nikakaza mpaka bisibisi ikalia.

Shenzhen Salim alianguka kama gunia la mitumba linaloshushwa toka ghorofani. Akiinuka, anaanguka. Vitoto vya Kichina vikampita vikimtazama kwa huruma. Muda wa tiketi ulikuwa unaisha na Baba, aliyesimama chini na Mama, ameshaanza kutazama saa. Mimi nimejibanza ukutani na kikombe cha chai. Salim akavua ubao, akaja kuninyang'anya chai. Alipogeuka nikamsukuma mgongoni kwa utani, naye ili asianguke akatupa mguu wa kushoto. Nikamsukuma tena. Kushoto tena.

"Unanisukuma nini, fundi uchwara?"

"Kaka, wewe mtu wa kushoto."

"Nyamaza, Mama asisikie."

Nikatoa bisibisi mfukoni, nikayang'oa makubadhi yote mawili, nikayabadilisha nafasi, vidole vimeganda. Salim akapanda mara ya mwisho. Akashuka amesimama, mikono kaitanua kama anayekausha shati, mpaka chini alikosimama Mama.

"Umetanguliza mguu gani?" Mama akauliza.

"Wa chooni, Mama."

Mama akavuta shungi likamziba mdomo. Tukajua anacheka.

Salim akaondoka wiki ile ile. Ubao ukabaki nyuma ya mlango, kushoto mbele, na hakuna aliyethubutu kuzigusa skrubu zake.

Siku hizi Guangzhou yenyewe ina ukumbi wa theluji. Vijana wanakodi ubao umeshafungwa na kila kitu, wanapigwa picha wamekaa, wanarudi nyumbani wakilalamika baridi. Mama zao hata hawaulizi mguu gani. Juzi Salim kaniambia anakuja huku na wanawe, na safari hii lazima na mimi nipande. Nikamweleza jirani yangu Mama Glory, mfanyabiashara wa simu kutoka Moshi, kwamba tatizo langu ni moja: miguu ya wengine nimeipima, wangu wa kutangulia siujui mpaka leo.

Akazitazama kandambili zangu, akasema: "Bibi wee, hata chumvi unaletewa mlangoni. Usiulize mguu upi utangulie. Wewe toa wowote."