Siku Baba alinikuta sokoni Kawangware nikifunza watu mambo ya mipira: hivyo ndivyo nilianza kazi ya vijana

Wakuu, niaje.

Kuna kijana aliuliza hapa juzi mtu huanzaje kazi ya kusaidia vijana, hii ya youth worker. Akajibiwa mambo ya diploma na CV. Ni sawa.

Lakini mimi nimefanya hii kazi tangu miaka ya tisini na sikuanza hivyo. Nilianza kwa aibu. Wacha niwaambie venye ilikuwa. Sitaongeza chumvi, na pale nililia nitasema nililia.

Kwetu ilikuwa Kawangware 46, hapa Nairobi. Baba alikuwa fundi wa viti, kibanda chake kando ya barabara, sponji na mbao zimejaa mpaka nje. Mtu wa Bungoma, mpole, mzee wa kanisa. Watu walimwita Mzee wa Viti.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four na nikakaa. Nilikaa tu. Mgeni akija anauliza, "Na huyu Nafula siku hizi anafanya nini?" Mama anajibu, "Anangojea." Hakuna mtu aliwahi kuuliza nangojea nini, na mimi mwenyewe sikujua.

Wale mmewahi kukaa nyumbani hivyo mnajua. Unaanza kukula kidogo ndio usionekane.

Asha ndiye alinitoa huko. Tulikuwa class moja, Mnubi wa kijiji cha Lindi ndani ya Kibera, mdomo mrefu lakini roho safi. Akaniambia kuna kituo cha vijana karibu na kwao, hall ya mabati, wanafanya maigizo ya kufunza watu. "Kuja tu. Hata kama ni kupanga benchi, utakuwa umetoka kwa nyumba."

Na kweli nilianza na benchi. Kupanga benchi, kupika chai, kufagia. Msimamizi alikuwa Mwalimu Oduor, aliyekuwa ameacha kufundisha shule. Aliniambia kitu kimoja: "Nafula, kaa hapo nyuma usikize. Usimshauri mtu yeyote mpaka nikuambie."

Kwa hivyo nilisikiza. Wasichana wa rika langu wakiongea vitu sikuwa nimewahi kusikia mtu akivitoa mdomoni. Nilikuwa najua kusikiza, na hiyo sikuwa najua ni kazi.

(Yule ameniuliza inbox kama nilikuwa na cheti: hapana boss. Cheti kilikuja miaka mingi baadaye.)

Kisha wakatupeleka training ya ule ugonjwa, ukimwi. Wakati huo watu walikuwa wanakufa na sisi tunasema ni kifua, ni malaria, amerogwa. Hata kanisani mtu anazikwa na hakuna mtu anasema. Tukafunzwa venye unaambukizwa, venye unajikinga, na venye mpira, yaani kondomu, unavaliwa, kwa kutumia mti uliochongwa.

Nyumbani nilikuwa nimesema tu, "Nafunza watoto maigizo huko Kibera." Baba akafurahi. Akaambia wateja wake, "Msichana wangu ni mwalimu huko."

Sasa ngoja.

Siku moja Mwalimu Oduor anasema Jumamosi tunaenda kuigiza nje ya soko, Kawangware. Huko ndiko kwetu. Lakini Baba alikuwa amesema Jumamosi atapeleka viti kwa mteja mtaa wa Karen, na mimi kwenye igizo nilikuwa tu mama wa nyumba, maneno machache. Nikajiambia itapita.

Watu walijaa. Ngoma ikapigwa, igizo likaenda poa, watu wanacheka. Ikafika pale jamaa mmoja wetu alitakiwa kuonyesha mpira unavyovaliwa. Akashika ule mti, akaangalia watu, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashindwa kuongea. Umati nao ukaanza kumzomea.

Asha akaniangalia. Nikaona watu wanaanza kutoka.

Nikachukua ule mti.

Wakuu, niliongea vizuri. Sijisifu. Sauti ilitoka, watu wakanyamaza, hata wale vijana wa kelele. Nikaonyesha hatua kwa hatua. Nikasema, "Hii si uchafu. Uchafu ni kuzikana na kudanganyana."

Hapo ndio nikasikia mama mmoja akisema, "Haki si huyu ni msichana wa Mzee wa Viti?"

Nikainua macho. Kumbe Karen hakuwa ameenda bado; Baba alikuwa amesimama karibu na wauza mboga, amebeba kiti kimoja kwa bega. Kando yake mwenyekiti wa kanisa, na mama wawili wa kwaya.

Na mimi bado nimeshika ule mti.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alishusha kile kiti polepole, akakipangusa kama kina vumbi, akakibeba tena, akaenda.

Sikumbuki tulimaliza aje. Nakumbuka masikio yakiwaka moto.

Nyumbani hakunigombeza. Hakuniongelesha kabisa. Chakula kikiletwa anakula akiangalia ukuta. Nikimsalimia anaitikia kwa Mama. "Mama Nafula, mwambie mtu afunge mlango." Mtu ndiye mimi.

Jumapili iliyofuata, wazee wa kanisa walimwita baada ya ibada. Alirudi mchana, akavua koti lake la uzee wa kanisa, akalikunja, akaliweka kwa sanduku. Mama akauliza, "Wamesema nini?" Akasema, "Wamesema nipumzike."

Alikuwa mzee wa kanisa tangu nikiwa mtoto. Nililia siku hiyo, nyuma ya nyumba, na kitambaa mdomoni.

Niwaambie ukweli: sikuona aibu ya nilichosema sokoni. Niliona aibu ya kile kiti alichokipangusa. Ya wateja waliokuwa wanapita kibanda chake wakicheka chini chini. Yeye hakufanya kitu, na ndiye alilipishwa.

Nikahama. Mama yake Asha alikuwa na vyumba vya kupangisha Lindi, akanipa kimoja. Nikaendelea na kazi, lakini kila nikisimama mbele ya watu natafuta uso wake kwanza. Nikienda Kawangware kumwona Mama, nilizunguka njia ya nyuma nisipite kibandani.

Ikakaa hivyo muda mrefu, mvua ikaja ikaisha.

Mchana mmoja niko kituoni naosha vikombe, msichana akaingia. Nikamjua. Joy, anayeimba solo kwenye kwaya ya kanisa letu. Binti wa mwenyekiti. Yule yule.

Alikuwa amevaa sweta kwenye jua. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Alikuwa mjamzito, na mtu alikuwa amemuuzia dawa ya kutoa mimba, iko mfukoni, kwa karatasi ya gazeti. Alikuwa anaogopa kuinywa na anaogopa kutoinywa.

Nikamuuliza, "Umejuaje niko huku?"

"Nilikuona ile siku ya soko. Nikaenda kuuliza babako unakaa wapi."

"Uliuliza Baba?"

"Eeh. Aliweka nyundo chini kwanza. Nikadhani atanifukuza. Kisha akafunga kibanda, tukatembea na yeye mpaka stage ya Olympic, pale juu ya Kibera. Akanionyesha njia ya kushuka, akaniambia, 'Muulize Nafula. Yeye atakusikiza.' Halafu akarudi."

Nilitoka mbio nikapanda mpaka Olympic. Hakuwepo.

Nikarudi nikafanya kazi yangu. Sikumhubiria. Alinipa ile dawa mwenyewe. Mwalimu Oduor akatutafutia nurse wa kumwangalia, na tukakaa naye siku kadhaa tukiongea mpaka akasema yuko tayari kuambia wazazi, mradi nisimwache peke yake.

Mwalimu alitaka kutusindikiza. Kumbe haikuhitajika. Mimi na Joy tulipofika kwao, Baba alikuwa amesimama nje ya mlango, amevaa lile koti. Sijui nani alimwambia. Nadhani ni Mama, yeye nilikuwa nimemwambia tunakuja. Hakunisalimia. Akasema tu, "Haya."

Joy akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo. Mwenyekiti hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Ni wewe! Ulionyesha watoto wetu uchafu, sasa umekuja kuona matunda?"

Nilitaka kutoka.

Baba akasema, polepole, "Mwenyekiti, huyu mtoto alipopata shida alitembea kutoka Kawangware mpaka Kibera akitafuta mtu wa kumsikiza. Amempata. Sasa sikiza na wewe."

Kisha mama yake Joy akainuka, akamvuta msichana wake kifuani, wote wakaanza kulia. Mwenyekiti akatoka nje.

Joy alipelekwa kwa nyanya yake, akajifungua salama, baadaye akarudi shule. Mwenyekiti hakuwahi kunisalimia tena. Na Baba hakurudishwa uzee wake wa kanisa. Msidhani hii iliisha kama sinema.

Tulitoka pale tukatembea mimi na yeye mpaka kibandani. Akaketi kwa benchi yake, akashika nyundo. Mimi nimesimama kama mteja asiye na pesa. Nikafikiria nimwambie asante, nikashindwa.

Akapiga misumari kidogo. Bila kuniangalia akasema, "Enda nyumbani. Mama yako amepika."

Nikaenda nikala.

Kama alinisamehe ama alizoea tu, sijui. Amekufa sasa. Hatukuwahi kuiongelea, na mpaka leo nikiandika hivi mashavu yanawaka.

Kwa hivyo wewe kijana uliyeuliza: tafuta kituo karibu na kwenu, panga benchi, nyamaza, sikiza. Usijifanye daktari, jua ni nani wa kumpelekea mtu. Na waambie watu wa nyumbani kazi yako ni gani, kwa maneno yote, kabla soko halijawaambia. Mimi sikufanya hivyo, na mzee wa watu akavua koti.

Mko na maoni? Na kama kuna mtu hapa anafanya kazi ambayo nyumbani hawaijui, aseme. Hapa hatucheki mtu.