Ng'ombe Mmoja, Visanduku Vitatu

Kikundi cha akina mama wauza maziwa huko Kajiado kilitupa kazi ya kuwatengenezea programu ya simu, ya kuandika maziwa yanayoletwa kila asubuhi. Tulikuwa wawili. Mimi nilifanyia kazi nyumbani, Noonkopir, na mwenzangu niliyesoma naye chuo alikuwa kwao Kiserian. Tulikubaliana kila mtu achore kwanza sehemu yake kwenye kompyuta: visanduku vya vitu vinavyohusika, na mistari ya kuonyesha kipi kinaungana na kipi. Kisha tuunganishe michoro iwe mmoja.

Mimi nilianza na maziwa na anayeyaleta. Yeye akaanza na mwenye ng'ombe. Nilipounganisha, kompyuta haikuuliza swali, ilimwaga kila kitu pamoja. Ng'ombe akatokea mara tatu: Ng'ombe wangu, Mfugo wake, na mwingine aliyeitwa Ng'ombe 2.

Nikampigia simu. "Huyu Ng'ombe 2 umemtoa wapi?"

"Si wangu. Wangu anaitwa Mfugo."

"Tulisema tumwite Ng'ombe."

"Tulisema lini? Mimi sikumbuki."

Nikamtumia ujumbe alioandika kwa mkono wake mwenyewe. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayekusamehe.

Kumbe Ng'ombe 2 alikuwa nakala iliyotengenezwa na kompyuta yenyewe. Tukafuta, tukaunganisha upya. Sasa ng'ombe alikuwa mmoja, lakini mchoro wa mwenzangu ulisema mwenye ng'ombe ni baba wa boma, na wangu ulisema ni mama anayemkamua. Tulibishana siku mbili juu ya mstari mmoja. Kila nikiuchora, yeye anaufuta. Mwishowe tukaenda Kajiado kuuliza wenyewe.

Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo, alikuwa ofisini akikagua mitungi. Nikamwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya." Akaitika, "Iko," akatuvutia viti. Nilikuwa nimenakili mchoro kwenye karatasi ya manila, nikaubandika ukutani. Akausogelea autazame.

"Mama, ng'ombe unayemkamua ni wa nani?" nikamuuliza.

"Ni wa mzee wangu."

Mwenzangu akatabasamu. Nilitamani kutoka nje.

"Lakini maziwa ni yangu," akaendelea. "Mzee hayagusi. Ndama wake wa mwaka jana nilimpa kijana wangu. Na mzee hawezi kumuuza bila kuniambia, kwa sababu alinipa huyo ng'ombe siku ya harusi."

Tabasamu la mwenzangu likaisha. "Sasa mama, tukiandika mwenyewe mmoja, tuandike nani?"

"Kwa nini muandike mmoja?"

Nilimkasirikia mwenzangu, nikaikasirikia kompyuta, kisha nikajikasirikia mimi zaidi. Kwetu mama ndiye aliyekamua na baba ndiye aliyeuza, na sikuwahi kujiuliza ng'ombe wetu alikuwa wa nani.

Nikachukua kalamu nene, nikaukata ule mstari. Kati ya mtu na ng'ombe tukaweka kisanduku kipya, Haki: ya kukamua, ya kuuza, ya kugawa ndama. Mwenyekiti akasoma kwa kidole, akasema tumesahau moja. Haki ya kuulizwa. Tukaiandika.

Programu inafanya kazi sasa. Lakini hatuchori tena kila mtu kwake. Kila Jumatano mwenzangu anakuja Noonkopir, tunaketi meza moja, anasogeza visanduku vyangu bila kuniuliza, na mimi navirudisha.