Mama Alipotoka Kwenye Bima

Mama yangu alikuwa akienda hospitali ya binafsi kama wenzake wanavyokwenda harusini. Anaoga, anajifukiza udi, anavaa baibui lake lenye nakshi mikononi, ananiuliza kama mkoba unakwenda na viatu, kisha anakaa kiti cha mbele cha gari na furaha ambayo mgonjwa hastahili kuwa nayo. Sisi tunakaa Sib, huku Omani, na hospitali yenyewe ilikuwa mbali kidogo, upande wa mjini. Jengo la vioo, sakafu ya marumaru, mashine ya kahawa pale mapokezi, na viti vya ngozi ambavyo ukishakaa huna hamu ya kuitwa jina lako. Mama hakuwa nayo kabisa. Akiitwa mapema alikasirika.

"Ndo nini kuniita sasa hivi?" alininong'oneza. "Kahawa yangu bado ya moto."

Alikuwa na daktari wa sukari, daktari wa presha, daktari wa magoti, na mmoja wa tumbo. Tumbo lenyewe, kwa maoni yangu, halikuwa na kosa lolote, ila yule daktari alikuwa Mmisri mcheshi, na kila akimwona mama alimwambia, "Leo umezidi ujana." Wote hao walilipwa na bima. Na bima tuliilipa mimi na mume wangu.

Asiyejua atauliza, bima ya nini? Sisi ni raia, na raia hapa hutibiwa na serikali kwa ada ndogo isiyomuumiza mtu. Kituo cha afya cha serikali kiko nyuma ya msikiti wetu, unafika kwa miguu hata ukiwa na magoti ya mama. Lakini wazee wetu walitoka Unguja wakaja kuanza upya huku, sisi watoto wao tukasoma, tukajenga, na ikafika mahali kukaa foleni pamoja na mtaa mzima kukawa kama kutangaza kwamba hatukufika popote. Mume wangu ana duka la vipuri vya magari mtaa wa Wattaya, mimi napika keki za harusi nyumbani. Hatuna mwajiri wa kutukatia bima, tunajikatia wenyewe: sisi wawili, watoto watatu, na mama, ambaye anaishi nasi tangu baba afariki.

Kila mwaka ilipanda. Mwaka mmoja tulinung'unika tukalipa. Mwaka uliofuata tuliacha safari ya Salala, kule watu wanakokimbilia mvua wakati wa joto, tukawaambia watoto kwamba mvua ya huko imezidishiwa sifa. Halafu mchana mmoja mume wangu alirudi kutoka dukani, akaja moja kwa moja jikoni, ambako nilikuwa napamba maua ya sukari juu ya keki.

"Wamepandisha tena," alisema.

"Kwa kiasi gani?"

Akanionyesha simu. Ua nililokuwa nalichora likaishia juu ya kidole changu.

Zaidi ya nusu ya pesa zile zilikuwa za mtu mmoja, na mtu huyo wakati ule alikuwa sebuleni anatazama tamthilia ya Kituruki na sahani ya vileja mapajani.

Mume wangu alikuwa na mpango. Kuna kampuni nyingine ya bima, bei zake nafuu, na kuna wakala anayekuja nyumbani kuuliza hali ya afya ya kila mtu kabla ya kutoa bei. "Ila tukimweleza ya mama yote," alisema, "tutarudi pale pale."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo tusimweleze yote."

Huyu ni mtu ambaye akizidishiwa chenji kituo cha petroli hugeuza gari kuirudisha. Lakini ile simu ilikuwa imemvunja. Nami, kusema kweli, sikumkataza. Niliuliza tu huyo wakala anakuja saa ngapi ili nitoe halwa.

Wakala alikuja baada ya sala ya alasiri. Kijana mmoja, kanzu nyeupe imenyooka, kilemba kimefungwa kama kimepimwa kwa rula, na Kiarabu cha ndani kabisa, kile cha watu wa milimani, chenye salamu ndefu hadi za mifugo. Tulimtazama tukaona huyu hajapata hata kuota Unguja. Tukafurahi, maana katika nyumba zetu Kiswahili ndicho chumba cha siri. Unampokea mgeni kwa Kiarabu, na papo hapo, huku unatabasamu, unamwambia mwenzako kwa Kiswahili kwamba chai imekwisha.

Mama alikataa kubaki chumbani. Alikuja kukaa katikati ya sebule, mbele ya sinia la halwa, kahawa, na kashata nilizozipika asubuhi.

Wakala alifungua kompyuta yake ndogo akaanza. Sisi na watoto tukapita haraka. Kisha akauliza kwa Kiarabu, "Na mama mzazi, ana sukari?"

"Alhamdulillahi," mume wangu akajibu kwa Kiarabu, "mama ni mzima kabisa." Akamgeukia mama, akatabasamu, akamwambia kwa Kiswahili, "Mama, hiyo halwa iweke chini."

"Kwani imekuwaje?"

"Tumemwambia huna sukari."

"Nani kasema sina sukari?" Mama naye alikuwa akimtabasamia mgeni. "Mimi nna sukari tangu wewe hujaota ndevu, mkwe wangu."

"Mama, punguza sauti," nikasema.

"Hasikii kitu huyo. Mtazame, mtu wa milimani."

Wakala alikuwa ameinamia kompyuta yake, anabonyeza. "Presha?" akauliza.

"Hapana," akasema mume wangu.

"Kha!" akasema mama. "Mara hii nimepona na presha?"

Basi wakala akainua uso akamkabili mama mwenyewe. Akamuuliza kwa Kiarabu cha taratibu, cha heshima, kama kuna dawa zozote anazotumia. Mama akatutazama mimi na mume wangu kwa zamu.

"Nimjibu uongo?" akatuuliza kwa Kiswahili. "Nimetoka kusali sasa hivi. Hata udhu wangu haujatenguka."

"Si uongo, mama," mume wangu akasema, jasho linamtoka na kiyoyozi kinavuma. "Ni kunyamaza tu."

"Basi nyamaza wewe."

Wakala akachukua kashata moja, akaila bila haraka, akafuta vidole vyake. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe kilichonyooka kuliko cha mume wangu, "Bi mkubwa, marehemu bibi yangu kashata zake alikuwa akizitia hiliki zaidi kidogo. Lakini na hizi ni tamu, mashaallah."

Mume wangu aligeuka rangi ya halwa. Mimi nilikimbilia jikoni, nikaziba uso kwa taulo la vyombo, nikacheka humo humo. Niliporudi, mama alikuwa amekwishapata nafuu kabla yetu sote.

"Bibi yako wa wapi?" alikuwa akimuuliza.

"Wa Unguja, Malindi, bi mkubwa."

"Malindi nyumba gani?"

Hata birika la kahawa halijaisha, bibi yake marehemu alikuwa amekwishakuwa jirani wa shangazi yake mama, na wakala alikuwa anaitwa mwanangu. Hakutufedhehesha. Alimwambia mume wangu kwa upole, bila kumtazama sana, "Kaka, nakwambia kama ndugu. Ukificha maradhi, utalipa, utalipa, na siku ukiwahitaji watafukua mafaili ya zamani ya bi mkubwa watakataa kukulipia. Utakuwa umetoa sadaka kwa kampuni."

Ikabidi tuanze upya. Mara hii mama alijibu mwenyewe, na sijapata kumwona mtu akijieleza kwa raha vile. Sukari, presha, magoti, tumbo, kizunguzungu cha asubuhi, na jicho la kulia ambalo siku hizi lilikuwa na ukungu. Alipomaliza alimuuliza wakala kama kuna nafasi pale ya kuandika na bawasiri aliyougua akiwa mwari.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya siku chache. Mama peke yake alikuwa ghali kuliko sisi watano tukijumlishwa. Kampuni ya nafuu ilikuwa nafuu kwa watu wasioumwa.

Tukakubaliana tusimwambie. Tungelipa ile bima ya zamani, tuuze gari moja, tuone mbele. Lakini tulisahau kwamba mama alikuwa na namba ya wakala, na kwamba kila asubuhi alikuwa akimpelekea ujumbe wa sauti kumuuliza hali na kumpa nasaha juu ya kuoa. Sijui alimbana vipi mpaka akatoa siri. Ijumaa moja, tukiwa tunakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Nitoeni," akasema.

"Tukutoe wapi, mama?"

"Kwenye hicho kitu chenu. Bakini nyinyi na watoto. Mimi nitakwenda pale nyuma ya msikiti."

Nilihisi kama nimetukanwa. "Watu watasema tumekutupa," nikasema.

"Watu gani? Hao watu wote wanatibiwa pale pale. Mimi tu ndo nilikuwa nikijitia mgeni."

Mume wangu alikataa mara moja kwa adabu, mara ya pili kwa sauti ndogo, kisha akajimiminia chai. Nilimchukia kwa muda wa kikombe kile kizima. Halafu nikaona kwamba nami sikuwa nimesema neno jingine.

Siku ya kwanza ya kituo cha afya, mama alivaa baibui lile lile la nakshi na kujifukiza udi ule ule. Alilalamika kwamba viti ni vya chuma na kahawa hamna. Daktari alikuwa binti mdogo wa Kiomani mwenye miwani, asiye na mchezo. Alimwambia mama atoe dawa zake zote azione. Mama akamimina mfuko juu ya meza kwa fahari, kama mtu anayemwaga dhahabu. Binti akasoma kila kopo, akatenga, akauliza nani kaandika hii na nani kaandika ile. Kumbe dawa mbili zilikuwa kitu kimoja chenye majina mawili, kutoka kwa madaktari wawili wasiojuana, na nyingine ilikuwa ya kutuliza tumbo linaloudhiwa na hizo mbili. Mfuko ulirudi nyumbani mwepesi.

"Kaninyang'anya dawa zangu," mama alisema njiani, machozi yanamlengalenga. "Kitoto kile! Mgonjwa gani wa heshima anameza vidonge vitatu?"

Kizunguzungu cha asubuhi, ambacho tulikuwa tumekibebesha uzee, kikaondoka. Mama hakumpa yule binti sifa hata kidogo. Alisema ni habasoda.

Lakini nisipambe. Lile jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linaufuata mkondo huo huo. Kwa upasuaji alipelekwa hospitali kubwa ya serikali, na huko alipewa zamu ya miezi mingi mbele. Wakati wa bima angepasuliwa wiki ile ile na kupewa juisi juu yake. Sasa ilibidi angoje, na kadiri alivyongoja ndivyo ukungu ulivyozidi. Akatia chumvi kwenye chai ya mume wangu. Akamkumbatia mleta maji ya kunywa, Mbengali wa watu, akidhani ni mwanawe, kaka yangu anayekaa Nizwa, na yule kijana akasimama na madumu yake, hajui afanye nini. Asubuhi moja aliingia jikoni akaweka mkoba wake juu ya keki ya harusi, akidhani ni meza iliyotandikwa kitambaa cheupe.

Sikumgombeza. Nilikaa sakafuni na kile kipande kilichobonyea, mama yangu amesimama juu yangu anapapasa mkoba wake uliojaa krimu, anauliza, "Nimefanya nini? Niambie, nimefanya nini?" Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, si ile ya watu watasema nini. Nikamwambia mume wangu kwamba nitalipa mwenyewe kwa pesa zangu za keki, jicho lipasuliwe pale kwenye marumaru. Akasema sawa, naye atatoa. Akapiga simu kuuliza bei. Akaishusha simu taratibu. Akaniambia bei, nikasema bado sawa.

Aliyekataa ni mama.

"Zamu nimeingojea siku zote hizi, leo nimwachie nani?" akasema. "Sitoki. Nipo juu sasa, wamebaki wachache mbele yangu." Alikuwa hajui wamebaki wangapi, wala hakuna aliyejua. Lakini ile zamu ilikuwa mali yake na hakuwa tayari kuigawa bure.

Simu ikaita kabla sijapata nguvu ya kubishana naye tena: kuna mtu ameahirisha, mama aje kesho. Alipasuliwa, akarudi nyumbani na kitambaa jichoni, akala wali wa nazi kama hakuna kilichotokea. Kesho yake tukampeleka kufunguliwa. Muuguzi alimbandua kitambaa pole pole, akamfuta, akamwambia afumbue.

Mama akafumbua. Akatazama dari, akatazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kutoka kwenye ushungi hadi kidevuni. Nilijua atalia. Mimi nilikuwa nimekwishaanza.

"Eh!" akasema. "Mwanangu, lini umezeeka hivi?"

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mama akahamia kwa mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari.

"Na wewe," akasema, "nilikuwa nikidhani ni kivuli. Kumbe lote hilo ni tumbo lako."

Njiani alisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, ya Kiarabu na ya Kizungu, hata yale asiyoyaelewa. Tulipofika nyumbani alisimama katikati ya sebule, akazunguka polepole kama mtu aliyekuja kununua nyumba. Akapita na kidole juu ya kabati. Akakitazama kile kidole. Akashika pazia, akalinusa.

"Humu mlikuwa mkiishi hivi muda wote?" akauliza.

Siku ile sikupamba keki. Nilifua mapazia.